Chupa za Tangi la Tatu

Namba ilipoandikwa ubaoni, maabara nzima ilifurahi isipokuwa mwenye namba yake.

"Tatu nukta mbili," alitangaza fundi wa vipimo, akaipigia mstari kwa chini kama mtu anayetia muhuri. "Wiki ya pili hii inachezea hapo hapo kwenye tatu. Bi Vidudu, hebu tuambie, hao watoto wako unawalisha nini?"

"Ninachowalisha siku zote," alijibu binti huyo. "Moshi."

"Basi huo ni moshi wenye mchuzi."

Wenzake wakacheka. Fundi huyo waliyemwita Desimali alikuwa na haki ya kuchekwa na ya kuchekesha, kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia akitaja namba nzima. Mwanawe wa mwisho, kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa na miaka minne nukta sita.

Bi Vidudu alitabasamu kwa midomo tu. Machale yalikuwa yakimcheza tangu wiki iliyopita, na kila namba iliyoandikwa ubaoni ilizidi kuyachochea.

Maabara yenyewe ilikuwa makontena mawili yaliyounganishwa, yakawekwa nyuma ya kiwanda cha chuma, hatua chache kutoka kwenye tanuri. Kwenye bomba kuu la tanuri ulichepuka mpira mwembamba wa kupitishia gesi, wa unene wa kidole gumba, ukapita juu ya ukuta na kuingia dirishani. Uliwaletea gesi ambayo kiwanda kilikuwa kikiichoma bure angani mchana na usiku. Kwa mtu, gesi hiyo ni sumu. Akiivuta kwa dakika chache katika chumba kilichofungwa, haamki tena. Lakini ndani ya matangi matatu ya kioo waliishi bakteria walioila kama chakula chao cha kila siku. Bakteria hao kwa kawaida hutoa kitu cha jamii ya siki. Bi Vidudu, mwanafunzi wa shahada ya uzamili, alikuwa amewabadilisha jeni zao ili watoe asetoni, kile kimiminika cha kuyeyushia rangi na gundi, ambacho wengine hukijua kwa kuondolea rangi ya kucha.

Alhamisi ya wiki hiyo Mkurugenzi wa kiwanda angekuja kuamua jambo moja tu: awape bomba pana na uwanja wa kujengea tangi kubwa, au aukate hata huo mpira mwembamba. Kwa wengine hilo lilikuwa suala la utafiti kuendelea au kufungwa. Kwa Bi Vidudu lilikuwa zaidi ya hapo. Alikulia katika mtaa uliokuwa upande wa pili wa ukuta huo huo, ambako nguo nyeupe zilianikwa ndani ya nyumba, na mtoto aliyeandika kwa kidole kwenye dirisha aliandika kwa masizi. Alikuwa amejiapia, kwa uzito wote wa mtu wa miaka ishirini na minne, kwamba siku moja moshi ule utapewa kazi ya kufanya.

Ndiyo maana namba nzuri ilimtisha. Wiki tatu zilizopita tangi lake, lile la tatu, lilikuwa likitoa moja nukta moja, yaani gramu moja na kidogo ya asetoni kwa kila lita. Kisha akaweka bakteria wenye jeni mpya, na katika juma hilo hilo namba ikaruka hadi tatu. Kila mtu alisema ni jeni. Profesa, mkuu wa maabara, alimpigia makofi mbele ya watu. Yeye aliyeitengeneza jeni hiyo kwa mikono yake alijua alichoitarajia ifanye, na hakuwa ameitarajia ifanye miujiza.

Jumatatu jioni alikaa kwenye meza ya jikoni, nyumbani kwa mama yake mdogo aliyemlea tangu akiwa darasa la kwanza, akapiga hesabu aliyokuwa akiikwepa. Hesabu yenyewe ni rahisi. Kila chembe ya kaboni iliyomo kwenye asetoni lazima iwe imeingia kwanza kwenye tangi kupitia ule mpira. Bakteria hawaumbi kaboni. Wanaipanga upya tu. Akajumlisha gesi iliyoingia, akatoa iliyotoka bila kuliwa, akatoa na ile siki, akalinganisha kilichobaki na asetoni iliyopimwa.

Kilichotoka kilizidi kilichoingia.

Akarudia mara tatu. Kilizidi vile vile.

"Mbona umekodoa macho hivyo?" mama mdogo aliuliza. Alikuwa anamenya vitunguu upande wa pili wa meza, na yeye ndiye aliyekuwa muosha chupa wa maabara ile kwa miaka kumi na tisa, tangu ilipokuwa bado chuoni. "Au Desimali amekupa namba mbaya?"

"Amenipa nzuri."

"Sasa?"

"Nzuri mno, mama."

"Mwanangu, wewe ni mtu wa kwanza ninayemwona akinuna kwa kufaulu. Namba ikipanda si ndiyo mnayotaka? Si ndiyo itakayompa huyo Mkurugenzi moyo?"

Bi Vidudu alikunja karatasi yake bila kujibu. Wadudu wake hawangeweza kutoa wasichokula. Kwa hiyo asetoni ile ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe huyo alikuwa mtu.

Siku ya Jumanne alimtia Desimali machoni. Ni yeye peke yake aliyekuwa akigusa mashine ya kupimia. Ni yeye aliyekuwa akitoka na karatasi za majibu na kuzibandika ukutani. Zamani alikuwa akiwakejeli wanafunzi na vidudu vyao. Wiki hizi mbili amekuwa mchangamfu kupita kiasi, anapiga mluzi, anaulizia taarifa ya Mkurugenzi itakuwa na majina ya nani. Mtu akimshuku mwenzake, hata namna anavyokunywa chai huwa ni ushahidi. Alipomwona akifunga droo haraka, alihesabu. Alipomwona akinong'ona na Profesa mlangoni, akahesabu na hilo. Baadaye aligundua kwamba ndani ya droo kulikuwa na mkate.

Jumatano asubuhi akatega mtego. Alichukua chupa moja ya sampuli kutoka kwenye sanduku lake, akafungua kifuniko cha mpira, akajaza maji safi ya maabara, akafunga, na juu yake akaandika kama kawaida: Tangi la Tatu, saa tatu asubuhi. Akamkabidhi Desimali, naye akaipokea akipiga mluzi wake.

Baada ya nusu saa fundi alirudi na karatasi. "Moja nukta tisa. Wameshuka leo. Umewakasirisha?"

Bi Vidudu alimsogelea. "Kaka, chupa hiyo ilikuwa na maji."

"Maji gani?"

"Maji matupu. Ya kwenye dumu lile pale."

Uchangamfu wake ulikatika. Desimali aliitazama karatasi, akamtazama binti, kisha akaitazama tena karatasi. "Kwa hiyo umenitega."

"Nilitaka kujua."

"Kujua nini? Sema, usimung'unye maneno."

"Kujua namba hizi zinatoka wapi."

"Unamaanisha mimi, na mvi zangu hizi, nakaa nyuma ya mashine natunga majibu kama mwanafunzi anayechungulia daftari la jirani." Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi kuliko kama angepaza. "Haya, njoo. Simama hapa. Mikono mgongoni, usiguse kitu. Leo utakuwa askari kwelikweli."

Akasimama alipoonyeshwa, mikono mgongoni. Desimali alichukua sindano mpya, akaifungua mbele ya macho yake, akavuta maji moja kwa moja kutoka kwenye dumu na kuyaingiza kwenye mashine. Wakasubiri. Mstari kwenye kioo cha kompyuta ulitambaa, ukatambaa, ukapita mahali pa asetoni ukiwa umelala kama uzi.

"Sifuri," alisema. "Ukitaka nikuongezee nukta, nitakuongezea: sifuri nukta sifuri. Sasa lete chupa yako."

Alivuta maji yale yale kutoka kwenye chupa ya mtego. Safari hii mstari ulipofika mahali pake uliinuka ukawa kilima.

"Mashine haina undugu na mimi," Desimali alisema. "Lete nyingine, ambayo haijatumika."

Akaipokea ikiwa tupu na imefungwa, akauchomoa mpira, akanusa, kisha akampelekea puani. Harufu ilikuwa nyembamba na kali, harufu ya saluni. Maabara yote ilikuwa ikinuka hivyo kila siku, ndiyo maana hakuna aliyefikiria kuinusa chupa. Desimali akavuka hadi kwenye rafu ya tangi la kwanza, akachukua chupa iliyosimama wazi, akanusa, akampa. Haikuwa na harufu yoyote.

"Tone moja tu humo ndani linatosha," alisema. "Chupa zako nani anaosha?"

Hakuuliza kwa kutojua.

Kutoka kwenye mashine hadi chumba cha kuoshea vyombo ni mwendo mfupi, lakini siku hiyo Bi Vidudu aliuona mrefu. Mtego aliouondoa kwa fundi ulikuwa umemfuata mwenyewe, na sasa ulimwelekea mtu aliyemsuka nywele na kumvalisha sare ya shule. Namba ikipanda si ndiyo mnayotaka? Maneno hayo yalikuwa yamesemwa juzi tu, mezani, kwa sauti ya kawaida. Mama mdogo alikuwa akimsifia mtaa mzima. Alikuwa na chupa mikononi mwake na dumu la asetoni miguuni pake kila siku ya Mungu. Kwa nini chupa za tangi la kwanza ziwe safi, na za mpwa wake tu ndizo zinuke?

Alimkuta amevaa glavu hadi viwikoni, anasuuza.

"Mama, nionyeshe unavyoosha chupa zangu."

"Leo umekuja kunifundisha kazi?"

"Nionyeshe tu."

Mama mdogo alimtazama, akachukua chupa moja chafu, akaifanyia kazi taratibu kama anayemwonyesha mgeni. Sabuni na brashi. Maji ya bomba mara tatu. Maji safi ya maabara mara mbili. Kisha akamimina asetoni kidogo ndani, akaizungusha, akaimwaga.

"Hii ya nini?"

"Ya kukaushia. Oveni imekufa wiki mbili sasa, hamjui? Bila hii chupa hazikauki hadi kesho. Maabara zote wanafanya hivi. Maji yanaondoka nayo, nayo inaruka yenyewe."

Ilikuwa kweli. Bi Vidudu mwenyewe alifundishwa hivyo mwaka wa kwanza. Maabara zote husuuza vioo kwa asetoni, na hakuna madhara, mpaka itokee maabara ambayo kitu inachokitafuta ndani ya kioo ni asetoni yenyewe.

"Halafu?"

"Halafu za wengine naziweka kwenye rafu, wazi, hadi mchana. Zako nazifunga hapo hapo."

"Kwa nini zangu tu?"

Mama mdogo aliinua kidole kilichovaa glavu akaelekeza nyuma ya mlango. "Si ulivyoagiza?"

Karatasi ilikuwa imebandikwa kwa gundi pembe zote nne. Mwandiko ulikuwa wa duara, wenye adabu, na Bi Vidudu aliutambua kabla hajasoma neno lolote. Chupa za tangi la tatu zifungwe kwa mpira mara tu baada ya kusuuzwa, ili zisiingie vumbi. Tafadhali na asante. Chini yake palikuwa na sahihi yake na tarehe ya wiki mbili zilizopita. Alikumbuka alivyoibandika kwa fahari, akijiona yeye ndiye mwangalifu kuliko wote.

"Nimeharibu?" mama mdogo aliuliza.

"Hapana, mama. Nimeharibu mimi."

"Mbona umeingia umefura hivyo? Ulidhani mimi nimefanya nini?"

Bi Vidudu aliigeukia tena karatasi. Mama mdogo alivua glavu moja, kisha ya pili, akazitundika ukingoni mwa sinki.

"Ulidhani nimekutilia makusudi," alisema polepole. "Miaka kumi na tisa nasuuza chupa za watu. Wengine wamekuwa maprofesa. Sijawahi kuongeza wala kupunguza. Nisubirie wewe ndiyo nianze?"

"Nisamehe, mama."

"Toa hiyo karatasi kwanza. Mengine tutayaongea nyumbani."

Akaibandua, akarudi kwa Desimali, akamwambia kila kitu bila kujitetea, akamwomba radhi. Fundi alisikiliza huku akisafisha sindano.

"Nimekusamehe kwa nukta saba," alisema mwishoni. "Hizo tatu zilizobaki, nitaangalia tabia yako."

Mchana huo walitoa sampuli tano za tangi la tatu na kuziweka katika chupa zilizokaa wazi, ambazo wote wawili walizinusa moja baada ya nyingine kama wanunuzi wa marashi. Majibu yalikuwa ya aina moja: moja nukta tatu. Jeni mpya ilikuwa imefanya kazi. Ilikuwa imepandisha namba kutoka moja nukta moja hadi moja nukta tatu, na hesabu ya kaboni ilifunga vizuri.

Profesa aliipokea habari hiyo akiwa amesimama dirishani mwa ofisi yake. "Umemwambia nani?"

"Desimali anajua. Na mama mdogo."

"Mkutano ni kesho saa nne. Tunaweza kumwambia Mkurugenzi kwamba vipimo bado vinahakikiwa. Huo si uongo."

"Atauliza namba, Profesa. Mlimwandikia tatu."

Profesa aligeuka kutoka dirishani. "Ijumaa na mimi nilipiga hesabu ya kaboni," alisema. "Nikaona inazidi. Nikadhani nimekosea mahali."

"Mkaiacha?"

"Nilidhani nimekosea, binti."

Bi Vidudu alimtazama mtu huyo aliyemfundisha kupiga hesabu hiyo hiyo, ubaoni, mwaka wa kwanza, bila kukosea hata mara moja. Hakujua kama amwamini. Ndani ya wiki moja alikuwa amewashuku wawili wasio na hatia; hakuwa na nguvu za kumshuku wa tatu, wala hakuwa tena na wepesi wa kumsadiki.

"Kesho nitasema mimi," alisema. "Agizo lilikuwa langu."

Mkurugenzi alifika saa nne kamili, amevaa kofia ya kiwanda, akakaa bila kuivua. Bi Vidudu alisimama mbele ya ubao. Akasema namba ya kweli ni moja nukta tatu, si tatu nukta mbili, akaeleza kwa nini: asetoni ya kukaushia, kifuniko cha mpira, na agizo aliloliandika mwenyewe bila kufikiria. Akaeleza pia kwamba namba hiyo ndogo imepanda kwa sababu wanayoijua, na kwamba wanajua hatua inayofuata.

"Kwa hiyo mlichoniandikia ni maji ya kuoshea vyombo," alisema Mkurugenzi.

"Kwa sehemu kubwa, ndiyo."

"Na nani anaosha?"

Profesa alifungua kinywa, lakini Bi Vidudu akawahi. "Muoshaji alifuata maandishi yangu neno kwa neno. Angeyapuuza, tusingekosea."

Mkurugenzi aligeuka kwa Desimali. "Na wewe ulikuwa wapi?"

"Kwenye mashine, mkuu. Nilipima nilicholetewa. Kosa langu ni kwamba kwa wiki mbili sikuinusa chupa hata moja."

"Leo mnaniambia ni chupa. Mwezi ujao mtaniambia nini, dirisha?" Mkurugenzi alisimama. "Mimi nayeyusha chuma. Mtu akiniletea namba kubwa namshuku. Akija tena kuipunguza mwenyewe, namshuku mara mbili, maana sijui anataka nini. Bomba pana sitoi."

Bi Vidudu alishika ukingo wa meza.

"Mpira wenu sitaukata kwa sasa. Miezi mitatu. Lakini nitaleta mtu wangu wa tanuri. Atasimama hapa kila mnapopima, na namba ataniletea yeye, si nyinyi. Mkikataa, niambieni sasa hivi."

Profesa alianza kusema jambo kuhusu heshima ya utafiti. Bi Vidudu alimkatiza, kwa mara ya kwanza tangu amfahamu. "Aje kesho asubuhi," alisema. "Tunapima saa tatu."

Mtu wa tanuri alifika mapema. Alikuwa mama mnene wa makamo, kifundo cha mkono kikiwa na kovu la zamani la kuungua, na alisalimia bila kutabasamu. Aliinusa kila chupa kabla haijatumika, kisha akainusa tena, akauliza maji yanatoka wapi, akauliza sindano ilifunguliwa na nani. Alikagua hata mikono ya Desimali, naye akaitoa bila kunung'unika, akiigeuzageuza.

"Wewe ndiye uliyeandika ile karatasi?" alimuuliza Bi Vidudu.

"Ndiyo mimi."

"Simama huku basi, mbali na meza. Mwenye tangi asiguse chupa."

Bi Vidudu akarudi nyuma hatua mbili, akaweka mikono mgongoni bila kuambiwa. Mstari ukatambaa kwenye kioo, ukafika mahali pake, ukainuka kidogo.

"Moja nukta tatu tano," Desimali alisoma.

Mama wa tanuri aliandika kwenye daftari lake, akilikinga kwa kiganja ili wasimwone. "Ni hiyo tu?"

"Ni hiyo tu," alisema Bi Vidudu.

"Haya. Rudieni, mara hii kwa chupa nitakayoichagua mimi."